Moshi Hautoki Kwenye Namba ya Gari



Nimeombwa nizungumzie kanuni za kupunguza moshi wa magari mijini. Naanzia mbali, Mexico City, kwa sababu kila foleni zetu zinapozidi, hapakosi mtu wa kupendekeza tugawane siku za barabara kwa namba za magari.

Wenzetu walianza Novemba 1989. Mpango wao, Hoy No Circula, maana yake ni kwamba leo gari hili halitembei. Tarakimu ya mwisho ya namba ndiyo iliyopanga siku ya kupumzika, moja kati ya Jumatatu na Ijumaa. Kwa hesabu ya mezani, gari moja katika kila matano lilibaki nyumbani. Mtaani mambo yakawa mengine: mwenye uwezo alitafuta gari la pili lenye namba ya siku nyingine, na mara nyingi likawa mkweche. Mchumi Lucas Davis alichambua vipimo vya hewa vya mji huo, na katika utafiti aliouchapisha mwaka 2008 hakuona ushahidi kwamba hewa ilisafika.

London waliitazama injini. Tangu Aprili 2019, katikati ya mji, gari dogo la petroli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 4, au la dizeli lisilofikia Euro 6, hulipa pauni 12.50 kwa siku. Agosti 2023 utaratibu huo ukaenea mji mzima, kwa kelele nyingi za wenye magari. Kelele zina haki yake, maana anayeendesha gari kuukuu kwa kawaida si tajiri. Ila hapo angalau kinachotozwa ni uchafu wenyewe.

Afrika Mashariki tumekwenda nusu ya safari. Januari 2015 tulishusha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na hilo ni jambo kubwa, kwani salfa huharibu vichujio vya moshi. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8. Tanzania tunatoza ushuru wa uchakavu. Lakini ukali wote huo unaishia bandarini.

Mwezi uliopita nilikaa kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam nikisubiri breki zangu. Fundi alikata bomba la moshi la gari la jirani, akachomoa kile kichujio chenye matundu kama masega, akachomelea kipande cha bomba tupu. Kichujio kina madini ya thamani, kina wanunuzi wake. Nikamuuliza kama mteja haogopi ukaguzi. Akacheka: "Mzee wangu, trafiki anaangalia taa na matairi."

Pendekezo langu ni moja. Mashine ya kupima moshi iingizwe kwenye bomba kila leseni ya usafirishaji inapohuishwa, tuanze na malori na daladala, na atakayeshindwa apewe muda wa kutengeneza kabla ya faini. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache: dereva anakanyaga mafuta, mashine inasoma.