Uso na Kanzu: Kusafisha Filamu kwa Dawa Mbili

(Haya ni maneno ya mpiga picha mmoja alipozungumza na watu wa Eldas, katika Kaunti ya Wajir.)



Hakuna mtu hapa Eldas asiyejua ukali wa jua la adhuhuri. Mzee akisimama nje amevaa kanzu nyeupe, macho yetu huuona uso wake na kanzu yake pia. Lakini filamu haioni kama jicho. Mara nyingi picha inapotoka, ama kanzu ni weupe mtupu usio na mkunjo hata mmoja, ama uso ni kiza. Hasara hiyo si ndogo. Pengine mzee yule alipigwa picha mara moja tu maishani, na wajukuu wataiona kanzu yake, uso wasiuone.

Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu, lakini filamu nyeusi na nyeupe zingali zikiuzwa. Anayezitumia katika nchi ya jua kali na ajaribu kuzisafisha kwa dawa mbili.

Njia yenyewe ni hii. Katika dawa ya kwanza filamu hunywa dawa kama kitambaa kinavyonyonya maji, na picha huanza kutokea. Kisha huhamishiwa katika dawa ya pili, ambayo kazi yake ni kuiamsha ile iliyokwisha kunywewa. Palipopigwa na nuru nyingi, yaani kwenye kanzu, dawa hufanya kazi kwa nguvu, ikaisha upesi. Palipopata nuru kidogo, yaani usoni, dawa bado ipo, nayo huendelea na kazi. Hivyo kanzu huzuiliwa na uso husaidiwa.

Kanuni moja ijulikanayo sana ni ya Stoeckler, Mjerumani. Dawa ya kwanza ni metoli gramu 5 na sodiamu salfaiti gramu 100 katika lita moja ya maji. Ya pili ni boraksi gramu 10 katika lita moja. Tia kwanza chembe chache za salfaiti katika maji ya vuguvugu, kisha metoli, kisha salfaiti yote iliyobaki; kwa maana metoli haiyeyuki vema katika salfaiti nyingi.

Anza na dakika 4 katika ya kwanza na dakika 3 katika ya pili, kwa joto la digrii 20. Usiisuuze filamu kwa maji kati ya dawa hizo mbili, maana utaiondoa dawa iliyokwisha kuinywa. Kisha itie katika haipo na kuiosha kama kawaida.

Hapa kwetu joto la mchana mara nyingi hupita digrii 30. Kwa hiyo fanyeni kazi usiku, na chupa zifungwe kitambaa kibichi na kuwekwa penye upepo. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike kuchanganyia dawa. Afadhali maji ya mvua yaliyochujwa. Metoli huweza kudhuru ngozi, basi vaeni glavu, wala msitumie vyombo vya jikoni. Dawa iliyokwisha isimwagwe karibu na kisima.

Mkitaka kujaribu, mpigeni picha mtu yule yule, mahali pale pale, kwa filamu za namna moja. Badilisheni dakika za dawa ya kwanza tu, na kila badiliko liandikwe daftarini. Asiyeandika atarudia kosa lake.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Dawa haiwezi kuonyesha kile ambacho nuru haikukiandika. Basi pimeni nuru usoni, msiipime kwenye kanzu. Kanzu iachieni dawa. Filamu ikikosa kuushika uso, hakuna dawa itakayourudisha.