MALI YA YATIMA: NANI ANA HAKI YA KUUZA?

(Muhadhara uliotolewa msikitini Ujiji, baina ya Maghrib na Isha)

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyezaliwa hali ya kuwa baba yake ameshafariki, na ziwashukie ahli zake, sahaba zake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Sura ya jambo lenyewe mnaijua. Mtu anafariki, anaacha nyumba hapa Ujiji, pengine na michikichi kadhaa shambani, au mtumbwi na nyavu kule Kibirizi. Anaacha mjane na watoto ambao mkubwa wao hajafika darasa la saba. Hitma ya arobaini ikishapita (na gharama ya pilau hiyo mara nyingi imetoka katika mali hiyo hiyo ya watoto, jambo ambalo tumelikemea na hatutachoka kulikemea), ami yao anakaa na wazee wawili watatu, inaandikwa karatasi, mwenyekiti wa mtaa anagonga muhuri, na nyumba imekwenda. Baada ya miaka kumi mtoto ameota ndevu, anauliza: nyumba ya baba iko wapi? Hapo ndipo kesi inapoanza, na mnunuzi ameshajenga ukuta na kuezeka bati jipya.

Nimepata kuonyeshwa karatasi ya namna hiyo, imeandikwa katika ukurasa wa daftari la shule. Muuzaji alijitambulisha kwa maneno haya: mimi ndiye baba yao kwa sasa. Maneno hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame usiku huu.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i (Allah amrehemu), ambayo ndiyo wazee wetu wa mwambao huu waliyoyafuata, usimamizi wa mali ya mtoto una mpangilio maalumu. Wa kwanza ni baba. Akikosekana, ni babu mzaa baba. Akikosekana, ni wasii, yaani yule aliyeusiwa na wa mwisho kufa kati ya hao wawili. Asipokuwepo wasii, jambo linarudi kwa kadhi au amini anayemteua. Utafute mpangilio huo mbele na nyuma, hutamkuta ami. Yeye anaweza kurithi kwa nafasi yake, na anaweza kumuozesha binti wa nduguye kwa nafasi yake, lakini mali ya mtoto haimo mkononi mwake mpaka akabidhiwe. Wengi wetu tunachanganya uwalii wa ndoa na uwalii wa mali, na mchanganyiko huo umezigharimu familia nyingi nyumba zao.

Na hata aliyekabidhiwa hakuachiwa mlango wazi. Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj ameeleza kwamba walii hauzi ardhi wala nyumba ya mtoto isipokuwa kwa moja ya mambo mawili: haja, au faida iliyo dhahiri. Wanavyuoni wakafafanua. Haja ni kama chakula na mavazi, pale ambapo kodi ya nyumba yenyewe haitoshi kuvigharamia. Faida iliyo dhahiri ni kama jirani kutoa bei kubwa kuliko thamani ya soko, na huku walii anaweza kumnunulia mtoto mali mfano wa hiyo kwa bei ndogo. Atakayesema watoto walikuwa na njaa tutamuuliza: nyumba ilikuwa na vyumba sita, je, ulipangisha vingapi kabla ya kuuza? Katika mlango huo huo Nawawi anasema kuwa walii akimjengea mtoto, ajenge kwa udongo na tofali la kuchoma, si kwa tofali bichi. Tazameni fiqhi ilivyomhurumia yatima mpaka ikaingia katika tanuru la matofali.

Lipo jambo jingine ambalo sisikii likisemwa mimbarini. Mtoto akibaleghe akadai kuwa mali yake iliuzwa bila maslaha, na aliyeuza ni baba au babu, basi muuzaji husadikiwa kwa kiapo chake. Lakini aliyeuza akiwa ni wasii au amini, anayesadikiwa kwa kiapo chake ni mtoto! Muuzaji ndiye anayetakiwa kuleta ushahidi. Basi ikiwa aliyeteuliwa kihalali amebeba mzigo huo, huyu ambaye hakuteuliwa na yeyote atasimama na nini?

Mwaka 1918 kesi ya namna hii kutoka India ilifika London, kwenye Baraza la Mfalme lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, na ambalo baadaye lilikuwa juu ya mahakama za Tanganyika pia chini ya Waingereza. Mjane alikuwa ameuza fungu lake pamoja na mafungu ya watoto wake wadogo. Hukumu iliandikwa na jaji Mwislamu, Syed Ameer Ali. Akaeleza kuwa anayemlea mtoto kwa vitendo tu, pasina kuwa walii wa kisheria, hana uwezo wa kuuza ardhi ya mtoto, na mauzo hayo hayamfungi mtoto. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mama aliyembeba tumboni, ami atajitetea kwa hoja gani?

Sisemi haya kwa kumshusha mama. Miongoni mwa maimamu wa Kishafi'i, Al-Istakhri alimpa mama usimamizi wa mali baada ya baba na babu, ingawa kauli yake siyo iliyotegemewa. Na wote wamesema kuwa uume si sharti la kuwa wasii. Bali mama wa watoto, akitimiza masharti, ni bora kuliko wengine. Sayyidna Umar (R.A.) alimuusia binti yake Hafsa usimamizi wa wakfu wake. Basi enyi waume, kinachowazuia kuandika wasia na kumtaja mke kuwa wasii wa wanawe ni kitu gani? Mnamuogopa nani, ndugu zenu?

Ama kwa upande wa sheria za nchi, Tanzania Bara mahakama za makadhi ziliondolewa mwaka 1963, hivyo mirathi zetu nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Mahakama ndiyo inayoteua msimamizi. Na aliyeteuliwa anatakiwa ndani ya miezi 4 apeleke orodha ya mali na madeni yote ya marehemu katika Fomu Na. 5, kisha hesabu katika Fomu Na. 6. Ni wangapi kati yetu wanaozijua fomu hizo? Msimamizi anapata barua ya uteuzi, anaiweka chini ya godoro, na anaishi nayo miaka 15 kama hati ya umiliki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 10, imekataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya mzazi wake. Ni kweli kwamba sheria ya mirathi inampa msimamizi uwezo mpana wa kuuza kuliko fiqhi inavyompa. Lakini aliyeruhusiwa na karatasi ya mahakama bado ana aya ya 10 ya Suratun Nisaa mbele yake, inayoeleza kuwa walao mali za mayatima kwa dhulma wanajaza matumbo yao moto.

Nawe mnunuzi, usiseme hujui. Unapouziwa nyumba ya marehemu kwa bei ya kutupa, uliza barua ya uteuzi, uliza warithi ni nani na umri wao, waone kwa macho yako. Muhuri wa mwenyekiti unathibitisha kwamba mliandikiana. Hauwezi kumpa muuzaji kitu ambacho hakuwa nacho.

Tunajua kutoka katika Sahihi Bukhari kwamba kiwanja cha Msikiti wa Mtume Madina kilikuwa mahali pa kuanikia tende, mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhayl, waliokuwa chini ya As'ad bin Zurara (R.A.). Walitaka kukitoa bure. Mtume (S.A.W.) akakataa kukipokea kama zawadi mpaka akakinunua kwao.

Wiki chache zilizopita tuliletewa kiwanja kiwe wakfu wa madrasa yetu. Watoto wetu wanasomea barazani, na mvua ikinyesha tunafunga darasa, kwa hiyo furaha yetu mnaweza kuikisia. Tukauliza kiwanja ni cha nani. Ni cha marehemu ndugu yake mtoaji, aliyeacha watoto watatu, na mdogo wao yumo humo humo madrasani, yuko katika juzuu Amma. Tumemrudishia karatasi yake, tukamuomba aende mahakamani na mama wa watoto hao. Akituchukia, atuchukie. Darasa litaendelea barazani.

Wabillahi tawfiq.