Kodi ya Mtaa Mmoja, Haki ya Jiji Zima



Mwaka 1952 jimbo la California, nchini Marekani, liliruhusu miji yake kujenga upya mitaa iliyochakaa kwa njia ya kodi, na majimbo mengine yakafuata. Mtaa huwekewa mipaka. Kodi ya majengo iliyokuwa ikipatikana siku hiyo huendelea kwenda kwenye shule, polisi na zimamoto. Lakini kila nyongeza itokanayo na kupanda kwa thamani ya majengo hurudi mtaani humo. Kwa kuitegemea nyongeza hiyo, mji hukopa, ukajenga barabara na mifereji kwanza, ukalipa baadaye.

Ni busara, yaonekana: mtaa wajilipia wenyewe. Hata hivyo, thamani yaweza kupanda hata pasipojengwa kitu. Hapo, fedha ambazo zingemwajiri mwalimu au askari hubaki zimefungiwa mipakani kwa miaka mingi. Jiji la Chicago lilipoanza mpango huu mwaka 1984, lilianzia katikati ya jiji, penye biashara kubwa, wala si katika mitaa ya wanyonge. California yenyewe ilivunja mashirika yake ya ujenzi huo, yapatayo 400, mwezi Februari 2012, ili kodi irudi kwenye shule na huduma nyingine za umma.

Mlinzi hodari hujua analinda mali ya nani. Kadhalika mpaka wa kodi: kabla haujachorwa, wananchi sharti waambiwe nani atafaidika, na nani atakayefidia.