MOMBASA NA NAIROBI: UMBALI WA NJIA NA MUDA WA NDEGE

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya swali ambalo watu huuliza mara nyingi: Je, toka Nairobi hata Mombasa ni mbali gani? Jawabu lake si moja, kwa kuwa umbali hufuata njia.

Ukipiga mstari kwa rula juu ya ramani, uwanja wa ndege hata uwanja wa ndege, utapata kama maili 260, yaani kilometa 420. Hiyo ndiyo njia ya ndege. Barabara ya magari yapata kilometa 480. Reli ya kwanza, iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Nairobi mwaka wa 1899, ilikuwa kama kilometa 530. Ilizidi kwa sababu gari la moshi haliwezi kupanda kilima kama mbuzi, na Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari. Basi ilibidi reli izunguke ipate kupanda taratibu. Reli mpya ya mwaka wa 2017 ilipasua vilima na kuvuka mabonde kwa madaraja, ikawa fupi kuliko ile.

Na ndege je? Ndege iendayo kilometa 700 kwa saa ingemaliza safari hii kwa dakika 36. Lakini haiendi mbio hiyo tangu mwanzo. Hutambaa ardhini kwanza, hupanda, hushuka polepole, na pengine hungoja zamu yake ya kutua. Ndiyo maana huhesabiwa saa moja.

Sasa angalieni hatari iliyomo katika hesabu hiyo. Tuseme kijana aliye Nairobi apata habari alfajiri kwamba baba yake amefariki Mombasa, naye atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Ajiambia, "Ndege ni saa moja tu," akaondoka nyumbani saa nne. Afika uwanja wa Embakasi saa tano. Kupimwa mizigo na kungoja ni saa nyingine. Ndege yaruka saa sita. Watu wasalipo, yeye yu angani. Saa saba atua. Lakini uwanja wa Mombasa uko bara, na kwao ni Mji wa Kale, kisiwani. Afika saa nane, akuta watu wamekwisha kung'uta udongo mikononi. Lau angaliondoka saa mbili, angalifika saa sita, akabeba jeneza la babaye.

Basi, msafiri, saa ya ndege ni robo tu ya safari hiyo. Usihesabu toka uwanja hata uwanja. Hesabu toka mlango hata mlango. Haraka ya ndege haimfai aliyechelewa kutoka kwake.