Koleo Likivunjika, Uhunzi Hauishi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Ziwa, Uasin Gishu)



Sisi tuliosimama mbele yenu ni wanachama kama ninyi. Kati yetu wako walioacha pombe, wako waliopigwa na kiharusi, na wako wenye presha na sukari. Wengine wana yote matatu. Hatukuja kuomba huruma. Tumekuja kusema habari za kazi na maisha.

Kwanza, kiharusi si uchawi wala laana. Ni damu kukosa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na donge la damu, ama kwa kuwa umepasuka. Chanzo chake kikubwa ni presha, na presha haipigi hodi. Mtu huvuna mahindi na kubeba magunia mwaka mzima wala hasikii lolote. Kwa hiyo pimeni. Kipimo kikifika 140 kwa 90, na siku nyingine kikarudia hivyo, hiyo ni presha, na dawa yake ni ya kila siku, si ya siku ya kuumwa kichwa. Pombe nyingi huipandisha, ndiyo sababu mambo haya hatuyatenganishi.

Mkimwona mwenzenu uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea au maneno yamempotea ghafula, msimwache alale eti amelewa. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Iko dawa ya kuyeyusha donge, lakini ubongo hupigwa picha kwanza, na dawa yenyewe yataka kutolewa kabla hazijapita saa 4 na nusu tangu ugonjwa kuanza.

Pili, mkono uliolala hauamki kwa siku moja. Hufundishwa upya, kufungua na kufunga vidole, asubuhi na jioni. Miezi ya kwanza ina faida kubwa, lakini hata baadaye maendeleo yapo. Bandu bandu huisha gogo.

Kuacha pombe nako ni hivyo: huachwa leo, na kesho huachwa tena. Anayekunywa sana kila siku asikate ghafula peke yake, maana aweza kushikwa na kifafa. Amwone daktari kwanza. Hapa Eldoret ulifanywa utafiti uliotangazwa mwaka 2021. Watu wasio madaktari walifunzwa kuongoza vikundi vya wagonjwa wa kliniki za Ukimwi, mara moja kwa juma, majuma 6. Waliohudhuria walipunguza pombe kuliko wenzao waliofundishwa habari za afya tu. Basi mtu wa kawaida aweza kumshika mkono mwenzake.

Tatu, haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Siku 14 ni chache kwa mtu wa kiharusi. Hatuna budi kudai zaidi katika mapatano yetu na matajiri. Kifungu cha 41 chasema tajiri akitaka kumwondoa mtu kwa kuwa mwili hauwezi kazi, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua mwenyewe. Basi mgonjwa asiingie ofisini peke yake.

Tunawaomba mambo matatu. Siku ya mshahara, aliyeacha pombe akisema hapana, msimcheke wala kumshurutisha. Mgonjwa akirudi, atafutiwe kazi anayoiweza, kama kuhesabu magunia au kulinda ghala. Na aliye kitandani atembelewe, maana upweke nao ni ugonjwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sisi bado ni wafanya kazi, na chama hiki ni chetu sote.