Mazungumzo juu ya Shu de Shine: Chagua Udongo Kwanza

Leo tutasema juu ya ile kabichi ya Kichina isiyofunga kichwa, ambayo sokoni inaitwa shu de shine. Inakua upesi, inaiva upesi jikoni, nayo inafaa sana kuliwa na bukari. Lakini kabla ya kushika jembe, tazameni udongo.

Likasi ni mji wa shaba. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Kwa miaka mingi moshi, vumbi na maji ya viwanda na machimbo yameacha madini ardhini: shaba, kobalti, risasi na kadimiamu. Mboga za majani huyanyonya kwa mizizi. Kuosha kunaondoa vumbi la juu tu. Madini yaliyo ndani ya jani hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Watoto ndio wanaoumia zaidi, maana risasi inaharibu akili zao.

Basi, fanyeni hivi.

Kwanza, mahali. Msilime karibu na malundo ya mgodi, wala kando ya mto unaopokea maji ya kiwanda, wala pale wanapooshea mawe. Uwanda usio na miti, unaoota ua dogo la zambarau linalopenda shaba, si bustani. Maji ya kumwagilia yatoke juu ya machimbo, si chini yake. Kama nyumba yenu iko karibu na kiwanda, leteni udongo wa mbali, mpande ndani ya magunia. Chokaa na mbolea hupunguza ubaya wa madini, lakini haviyaondoi.

Pili, wakati. Mwageni mbegu kitaluni mwisho wa mwezi wa tatu au mwezi wa nne, mvua zinapokwisha. Baridi ya usiku ya mwezi wa sita na wa saba ikikuta miche midogo, mboga hutoa maua kabla ya majani mazuri. Joto la mwezi wa kumi hufanya vilevile.

Tatu, kazi. Changanyeni udongo na mavi ya mbuzi au ya kuku yaliyooza vizuri. Miche ikipata majani 4 au 5, ihamisheni jioni, mkiacha santimeta 25 hadi 30 kati ya mche na mche. Mwagilieni asubuhi. Geuzeni majani, mwue viwavi kwa mkono. Mwaka ujao pandeni maharagwe mahali hapo, na shu mahali pengine.

Nne, kuvuna. Baada ya juma 6 hadi 8 tangu kumwaga mbegu, mboga iko tayari.

Mtu atasema: «Bustani yangu ya kando ya kiwanda ina maji karibu, na mboga zake ni nzuri kwa macho.» Mjibuni: madini hayana harufu, na mara nyingi hayageuzi sura ya jani. Bustani ya mbali inachosha miguu, lakini chakula chake hakimdhuru mtoto.