Injini Kuukuu ya Yadi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Nakuru)



Tumesimama mbele yenu kwa habari ya fedha. Mwajua ya kuwa sisi watu 12 wa reli tulichanga, tukanunua matatu moja ya dizeli ya kwenda Njoro, Elburgon na Molo. Injini yake ilipokufa tulikwenda kwenye yadi moja ya magari mabovu, tukalipa shilingi 90,000 kwa injini kuukuu. Wiki ya pili, kwenye kilima cha kuingia Elburgon, maji yakachemka na kichwa cha silinda kikapasuka. Fedha zetu zikaishia pale.

Mwenye yadi ana lake, lakini na sisi tuna letu. Tulipofika, injini ilikuwa yanguruma tayari, nasi tukafurahi. Injini mbovu ikiisha kupata moto huficha mengi. Tena sisi ni watu wa reli! Nani kati yetu angepeleka injini ya gari moshi Timboroa, juu ya meta 2,700, kabla haijapimwa karakanani? Ile ya matatu tuliinunua kwa masikio.

Mara ya pili tulikwenda asubuhi bila kutoa habari, pamoja na fundi wetu. Tuliweka mkono juu ya bloku: baridi. Tukafungua kifuniko cha oili. Ukiona chini yake utando mweupe kama maziwa ya mgando, huenda maji yameingia katika oili, nenda zako. Fundi akaizungusha kwa spana mizunguko miwili kamili, asikie kama yakwama. Kisha akatoa plagi, akapima mgandamizo wa kila silinda. Zote nne hazina budi kukaribiana. Moja ikianguka mbali na wenzake, valvu au ringi zimekwisha. Ndipo ikawashwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Muuzaji alikasirika, akasema twamchelewesha. Tukamwacha akasirike.

La namba ni zito zaidi. Toyota 2L na 3L zafanana kwa macho, lakini moja ni lita 2.4 na nyingine karibu lita 2.8, basi msilipie moja bei ya nyingine. Soma namba iliyopigwa kwenye bloku. Ikiwa imesagwa kwa tupa, shuku ya kuwa ni mali ya wizi, na atakayekutwa nayo barabarani ni wewe. Taka risiti yenye namba hiyo, kisha upeleke habari NTSA ili kitabu cha gari kirekebishwe. Sheria yataka hivyo. Sisi mara ya kwanza hatukuwa na risiti, ndiyo maana hatukuweza kudai kitu.

Hesabu ya injini zote mbili imebandikwa mlangoni. Aliyechanga, na aulize sasa.